Shajara ya Kitunusi, mpiganaji asiye na haya

Jumapili usiku

Mradi wenyewe ni huu: mpiganaji mmoja tu wa gemu ya kupigana, akae ndani ya Ikemen GO, injini (programu ya kuendeshea gemu), silaha yake bakora. Jina lake Kitunusi. Mzee wa miaka hamsini na kitu, aliyekuwa bingwa wa kirumbizi, ule mchezo wa fimbo wa pwani, mpaka wenziwe wakakataa kuingia naye uwanjani, kwa kuwa hajui kucheza bila kuumiza. Gemu nzima sitaki. Gemu nzima ni kazi ya kampuni yenye watu mia, nami nina kompyuta moja kuukuu na meza ya kulia chakula ambayo mama huidai kila magharibi.

Ikemen GO nimeichagua kwa kuwa ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na huwapokea wapiganaji walioandikwa kwa mtindo wa M.U.G.E.N, ile injini ya Elecbyte iliyotoka 1999. Faida yake ni kwamba watu wamekuwa wakiulizana na kujibizana juu ya faili hizi kwa zaidi ya miaka ishirini. Ukikwama, kuna aliyekwama hapo kabla yako. Sehemu kubwa ya mpiganaji ni maandishi matupu: faili moja ya amri za vitufe, nyingine ya hali na mapigo, nyingine ya mpangilio wa picha. Picha na sauti ndizo zilizo na mafurushi yao peke yake.

Sijachora hata ukucha. Kwanza nataka kujua katili wa gemu hutambulika kwa kitu gani. Si kwa uso, maana hao wote wamekunja uso, hata wale wema.

Jumanne

Nimerudi kwa Akuma wa Street Fighter, maana kwa ukatili huyu ndiye baba lao. Wajapani humwita Gouki. Alitokea mara ya kwanza 1994 katika Super Street Fighter II Turbo, na hakutangazwa. Unacheza vizuri mpaka mwisho, unamngoja M. Bison, adui wa mwisho, mara linaingia lijitu lenye nywele nyekundu, linamshika Bison, na Bison yuko chini. Yule uliyekuwa ukimwogopa tangu mwanzo kamalizwa na mtu mwingine kabla hujamgusa, kisha mtu huyo anakugeukia wewe. Hakuna hotuba. Mimi naona huo ndio utambulisho bora kuliko wote kwenye gemu za aina hii, na haukuhitaji hata mstari mmoja wa maneno.

Hadithi yake pia ni nyeusi: alimuua mwalimu wake, Goutetsu, na alimwacha kakake Gouken akidhaniwa amekufa. Lakini hadithi husomwa na wachache. Kilichoenea ni lile pigo lake, Shun Goku Satsu: ngumi nyepesi mara mbili, mbele, teke jepesi, ngumi nzito. Anateleza mpaka kwako, anakushika, kioo kinazimika. Huoni pigo hata moja. Unasikia milio tu na kuona cheche, halafu taa zikirudi amekupa mgongo, na mgongoni ana herufi ya mbingu.

Wakati huohuo wenzao wa Mortal Kombat, iliyotoka 1992, walikwenda njia ya damu na uti wa mgongo. Kelele zake zilifika mpaka kwa maseneta wa Marekani, na 1994 ikaundwa bodi ya ESRB ya kupanga gemu kwa umri. Mimi sina ugomvi na damu, ila damu huzoeleka. Ukishaiona siku ya kwanza, siku ya pili unaibonyeza ipite upesi. Lile giza la Akuma halizoeleki kwa urahisi hivyo, kwa sababu kazi ya kutisha unaifanya wewe mwenyewe kichwani.

Jambo la pili nililolitoa kwake ni bei. Katika Street Fighter 6 alifika tarehe 22 Mei 2024, na uhai wake ni 9,000 pale wapiganaji wengi wanapopewa 10,000 na Zangief 11,000. Nguvu zile zote unazilipia kwa nyama yako. Mtu akimchagua Akuma amekubali kwamba akikosea mara mbili, kwisha habari yake.

Na la tatu, ambalo watu hulisahau: ana kanuni. Alipopambana na mzee Gen na kugundua kuwa mzee anaumwa, aliondoka. Mlinganishe na Feng Wei wa Tekken 5, aliyemuua mwalimu wake kwa sababu ya kukaripiwa. Wote wawili wana damu ya mwalimu mikononi, lakini mmoja unaweza kumweleza na mwingine ni hasira tu. Kitunusi nataka awe wa kuelezeka.

Ijumaa baada ya Isha

Nimekwenda barazani kwa ami, Mji wa Kale, Mombasa. Ujanani mwake alikuwa akicheza kirumbizi harusini na siku za Maulidi. Nikamwamkia masalkheri, nikaketi, nikamwonyesha michoro kwenye simu. Akaitazama kwa muda, akacheka, akasema huyo mtu wangu kaishika bakora kama mpiga maembe.

Kisha akainuka. Mzee wa magoti mabovu, lakini alipochukua fimbo yake ya kutembelea mgongo ulinyooka. Mkono wa nyuma haushiki mwishoni kabisa, huachia kama upana wa kiganja. Fimbo haipigwi kwa bega, hupigwa kwa kifundo cha mkono, na miguu haisimami: ngoma ikilia, nyayo ziko ndani ya ngoma. Pigo hutolewa ili lizuiwe. Ndiyo raha yenyewe, watu wasikie fimbo kwa fimbo.

Nikamuuliza, je, mwenzako akiangusha fimbo?

"Wamngoja," akasema, kama mtu aliyeulizwa jua latoka wapi. "Aokote, mwaendelea."

"Na asiyemngoja?"

Ami akaketi. "Huyo si wa kuchezwa naye."

Hapo ndipo mradi ulipopata mifupa. Ukatili hauonekani peke yake. Hauna sura mpaka kuwe na adabu ambayo kila mtu mwingine anaishika. Kumbe kazi yangu ya kwanza si kumjenga Kitunusi. Ni kuijenga adabu, kisha nimwache yeye aivunje.

Jumapili

Kwa hivyo nimeongeza mpiganaji wa pili, wa kawaida kabisa, ili awepo wa kulinganishwa. Hana jina bado, kwenye faili anaitwa Kijana. Kijana huingia uwanjani akiinamisha bakora kidogo kumwamkia mwenziwe. Mwenziwe akianguka, hurudi nyuma hatua moja. Hatua hiyo haina maana yoyote kwa ushindi, ni tabia tu, na mchezaji anaweza kuikatiza kwa kubonyeza kitu kingine. Lakini asipobonyeza, Kijana hurudi nyuma.

Kitunusi haamkii. Anaingia, anasimama, basi.

Ndani ya faili, tofauti yao kubwa ni herufi moja. Kila pigo huwa na alama za kueleza linaweza kumpata nani: aliyesimama, aliyeinama, aliye hewani, anayeanguka. Ukiongeza herufi D, linampata hata aliyelala. Mapigo ya Kijana hayana D. La Kitunusi la chini, la kushindilia bakora wima, linayo. Pigo hilo humtoa aliyelala uhai wa 28, na humkata Kitunusi mwenyewe 20. Uhai wa kawaida kwenye injini hii ni 1,000, Kijana anao huo. Kitunusi nimempa 880. Anayetaka kumkanyaga mtu chini akanyage, ila alipe.

Jumatatu

Stima ilipotea saa moja jioni, ikarudi usiku wa manane. Sina la kuandika.

Jumatano

Picha. Binamu yangu amesimama juu ya paa akiwa amefunga kikoi, ufito wa mkoko mkononi, nami nikamrekodi kwa simu, kisha nikawa nasimamisha video na kuchora juu yake picha kwa picha. Mwanzoni nilitaka Kitunusi avae kanzu nyeupe isiyo na doa. Mtu anayeumiza wengine na nguo yake haichafuki. Kwenye karatasi ilipendeza sana. Lakini kanzu huficha miguu, na katika gemu ya kupigana miguu ndiyo inayokwambia mtu anakuja au anakwenda. Ukimpaka mpiganaji rangi nyeusi tupu, ubaki na umbo lake tu, lazima ujue yuko katika pigo gani. Mwenye kanzu alibaki kama nguzo. Basi kikoi, kimepandishwa juu ya magoti, kifua wazi. Kanzu nimeihifadhi kwa picha ya ushindi.

Mandhari ni nje ya Fort Jesus upande wa bahari. Ukuta ule wa matumbawe una rangi ya udongo wa manjano na wekundu, kwa hivyo kikoi cha kahawia kilipotea kabisa mbele yake. Kimekuwa cha buluu na mstari mweupe. Bahari husogea taratibu kuliko ukuta, mbingu taratibu zaidi. Nimeweka jahazi moja. Mtu asiniulize Wareno. Ngome waliijenga kuanzia 1593 na kwenye gemu yangu hawamo.

Jumamosi, banda la gemu

Hapa Majengo banda letu ni la mpira. Televisheni zote mpira, mwaka mzima. Mwenye banda kanikubalia kona moja yenye kioo kidogo, kwa sharti kwamba vijana wasiache kulipa kwa ajili ya kitu cha bure.

Mechi mbili za kwanza walicheza wakicheka. Kisha kijana mmoja wa Kuze akamwangusha mwenziwe kwa Kitunusi, na badala ya kungoja akabonyeza chini na kitufe kizito. Bakora ikashuka juu ya mtu aliyelala.

Banda zima: "Aaaah!"

"Mbona yuwanipiga nami niko chini? Huyu mzee hana haya!" akalalama aliyeangushwa.

Nilikuwa nikilingojea neno hilo. Hakusema ana nguvu, wala hakusema ni mbaya. Alisema hana haya. Na kwa nini alilisema? Kwa sababu mechi iliyotangulia alikuwa amemchukua Kijana, na alikuwa ameona ile hatua ya kurudi nyuma mara kadhaa bila kuitilia maanani.

Lakini kulikuwa na tatizo la kuhisi, si la namba. Pigo la kumshindilia aliyelala lilionekana kubwa mno, kama tukio la sherehe. Waliolifanya walishangilia. Mimi sikutaka shangwe.

Jumapili, palepale mezani

Tatizo nimeliona liko kwenye kugandishwa. Hili nitalieleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu mtu asiyetengeneza gemu hizi hawezi kuliona kwa jicho, na ndilo linalobeba kila kitu.

Gemu huenda kwa fremu, yaani picha, 60 kila sekunde. Pigo lolote lina sehemu tatu: fremu za kuanza, ambapo mkono unakuja lakini haujawa na madhara, fremu zenye makali, na fremu za kurudi, ambapo aliyepiga yuko wazi. Pigo jepesi la Kitunusi huanza kwa fremu 5. Zito huanza kwa fremu 21, ambayo ni zaidi ya theluthi moja ya sekunde, ili macho yako yawahi kuliona na mkono uwahi kujikinga.

Pigo likitua, gemu huwagandisha wote wawili. Fremu chache tu. Aliyepiga anasimama na bakora yake imezama, aliyepigwa anatetemeka, kisha mambo yanaendelea. Hukulijua hilo, lakini mwili wako umelizoea. Ukiliondoa, mapigo yote yanakuwa mepesi, fimbo inapita ndani ya mtu kama moshi. Kwa mapigo mepesi nimeweka fremu 6, kwa mazito 13. Ule mgando ndio gemu inavyokiri kwamba jambo limetokea.

Sasa, kwa pigo la kumshindilia aliyelala, nilikuwa nimeweka 15. Kubwa kuliko yote! Ndiyo maana banda lilishangilia: gemu yenyewe ilikuwa inasimama kulipigia makofi. Nimeweka sifuri kwa upande wa Kitunusi na 6 kwa aliyelala. Aliyelala anatetemeka, na Kitunusi hasimami hata kidogo. Bakora inashuka, inapanda, naye kashageuka anatembea. Kwake si tukio. Ni kama mtu anayefuta mchanga mguuni akiingia nyumbani.

Nimelitazama mara nyingi leo, na wallahi halipendezi kabisa. Ndivyo nilivyotaka.

Jumanne usiku

Sauti. Nilijaribu zile za bure za mtandaoni, zote ni za fimbo za filamu za Hong Kong, zinafanya "fiu" hata kabla ya kupiga. Nikapanda juu na binamu, ufito kwa ufito, simu ikiwa ndani ya ndoo iliyolazwa ubavu ili kuzuia upepo wa kusi. Jirani akatoa kichwa dirishani kuuliza kama tunapigana. Tukamwambia ni kazi. Akasema kazi gani hiyo.

Mkoko mkavu hutoa mlio mfupi na mkali, hauna mwangwi. Shida ni ukimya mdogo mwanzoni mwa kila rekodi. Hata sehemu ya ishirini ya sekunde ni fremu 3, na kwa fremu 3 sikio linajua kwamba mlio umechelewa. Nimezikata zote mpaka wimbi linapoanzia. Kwa pigo la aliyelala sikutumia fimbo kwa fimbo, maana hakuna aliyezuia. Nimetumia ufito kwenye gunia la unga lililobaki robo. Mama ameliona gunia.

Alhamisi

Akili ya kompyuta, mchezaji akiwa peke yake. Mabosi wengi wa gemu za zamani za mashine za sarafu walikuwa wakisoma kitufe chako: ulipobonyeza, mashine ilijua fremu hiyohiyo na kukujibu. Watu huita ugumu, mimi naita wizi wa sarafu. Katili asiwe mwizi. Kwa hivyo Kitunusi wa kompyuta nimemchelewesha: akiona umeanza pigo, hungoja fremu 15, yaani robo ya sekunde, ndipo aruhusiwe kuamua. Mapigo yako mepesi hawezi kuyawahi kwa kuyaona, itambidi abahatishe kama wewe.

Ukali wake nimeuweka mahali pengine. Wapiganaji wa kompyuta kwa kawaida wakishakuangusha huzubaa kidogo, hukuachia pumzi. Yeye haachii. Ukilala anakuja, anasimama juu yako, na kwenye ngazi za juu hukushindilia pale tu ambapo uhai wako ni mdogo kuliko wake. Akiwa nyuma kwa uhai hafanyi, maana inamgharimu. Hiyo ndiyo kanuni yake: anahesabu. Kijana wa Kuze ameshaigundua bila kuambiwa, sasa huanza kwa kumpunguza mzee kwanza, ili akiangushwa mzee amwache ainuke kwa amani.

Nimefurahi mno kuona hivyo. Sikuupanga mchezo huo.

Jumamosi

Pigo kuu. Jina lake Bamvua, linahitaji kiasi chote cha nguvu, 3,000. Kila niliyemwonyesha mradi aliniambia nizime kioo, kama Akuma. Hapana. Giza ni la mwenyewe, kalimiliki tangu 1994, nikilichukua nitaonekana tu nimechukua.

Nimechukua kitu kingine. Tangu mechi inaanza kuna ngoma na zumari nyuma, haviishi, hata kati ya raundi. Ukianza Bamvua, ngoma inakatika. Hakuna mandhari inayobadilika, jua ni lilelile, jahazi liko palepale. Unasikia nyayo za Kitunusi kwenye sakafu ya mawe, hatua nne, kisha mapigo matano makavu, halafu nyayo zikirudi. Ngoma hairudi mpaka raundi iishe.

Nilimpelekea ami kwenye simu. Nilitaka anieleze kuhusu mkono, kama sasa umekaa sawa. Hakusema chochote kuhusu mkono. Aliuliza: "Na wapiga ngoma wamenyamaza kwa nini?" Nikamwambia wamemwona. Akanirudishia simu, akasema nikate hatua moja, mtu wa hasira hutembea nne, huyu atembee tatu.

Zimekuwa tatu.

Jumatatu

Hali ya mambo, toleo 0.6. Kitunusi anaingia, anatembea, anapiga, anazuia, anaanguka na kuinuka. Kuna hitilafu akigeuka huku akiruka: kisanduku chekundu cha bakora, kinachoiambia gemu inaumiza wapi, hubaki upande wa zamani kwa fremu moja, na mtu aliye nyuma yake hupigwa na hewa. Nimeifuatilia mpaka kwenye faili ya picha, kesho naimaliza. Uhai wake nimeushusha mpaka 850, kwa kuwa bandani wanaomchagua bado wanashinda kupita kiasi. Bei ya kushindilia sijaigusa, ingawa kijana wa Kuze anataka ipande iwe 40 na mwenziwe anataka ifutwe kabisa, na wanagombana kila wakiketi.

Ngoma iliyoko sasa ni ya kompyuta na inajulikana. Nimempata mpiga zumari anayekubali kurekodiwa, lakini amesema msimu huu ana harusi mfululizo, nimtafute zikipungua, na nauli ya tuktuk kwenda na kurudi ni juu yangu.